Bawabu wa bure wa tovuti: yupi asimame mlangoni pa duka la Mombasa?

Ijumaa ya mwisho ya Ramadhani, saa tano usiku, shangazi yangu alinipigia simu. Ana duka la leso pale Biashara Street, na mwaka huo tulikuwa tumemfungulia tovuti ya kuagizia ili wateja wa Lamu, Malindi na walioko ng'ambo wachague wenyewe.

"Mwanangu, kuna mteja wa Lamu asema duka halifunguki tangu asubuhi. Kuna nini?"

Nilikuwa nimeweka zana ya kuchunga tovuti ile, bawabu wa kuipitia kila mara na kunijulisha ikilala. Nikaitazama simuni: kijani kitupu, asilimia 100, hakuna hitilafu. Nikafungua tovuti yenyewe. Badala ya leso, palikuwa na ukurasa mweupe wa kampuni iliyokuwa ikituhifadhia tovuti, ukisema akaunti imesimamishwa. Ankara tulikwisha kuilipa. Wao ndio waliokosea kuiandika. Ila ukurasa ule ulikuwa ukirudisha msimbo 200, ule ambao seva, yaani kompyuta iliyobeba tovuti, hutumia kusema "sawa, nimekupa ulichoomba", na mimi nilikuwa nimeiagiza zana itazame msimbo peke yake. Zana ilifanya nilichoiambia. Saa kumi na nne za msimu wa Idd zikapita duka likiwa limefungwa, na hakuna aliyejua isipokuwa wateja.

Tangu usiku ule nimezijaribu zana za bure moja baada ya nyingine, kwenye tovuti ya shangazi na za watu wengine ninaowasaidia: nyumba ya wageni ya Mji wa Kale, duka la vipuri, madrasa moja. Haya ndiyo niliyoyaona.

Namba kwanza, kisha tuziweke kando

| Zana | Kurasa unazochungiwa bure | Hukagua kila baada ya | Inakokaa |
|---|---|---|---|
| UptimeRobot | 50 | dakika 5 | kwenye seva zao |
| HetrixTools | 15 | dakika 1 | kwenye seva zao |
| Better Stack | 10 | dakika 3 | kwenye seva zao |
| StatusCake | 10 | dakika 5 | kwenye seva zao |
| Uptime Kuma | hazina kikomo | hata sekunde 20 | kwenye mashine yako |

Ukichagua kwa jedwali hili peke yake utachagua vibaya. Mwenye duka moja hana kurasa 50 za kuchungwa. Ana tatu au nne. Na tofauti ya dakika 1 na dakika 5 ipo, lakini si kubwa kama inavyotangazwa. Anayekagua kila dakika 5 hupita mara 288 kwa siku, na hitilafu ya dakika nne yaweza kupenya katikati asiione. Basi. Mwanadamu mwenyewe, mpaka asikie simu, aitoe mfukoni, asome na apate kompyuta, dakika kumi zimekwisha kwenda.

Namba inayostahili kukumbukwa ni nyingine. Kampuni za kuhifadhi tovuti hupenda kuahidi asilimia 99.9. Kwa mwezi wa siku 30, hiyo ni ruhusa ya kulala dakika 43. Asilimia 99 inasikika karibu sawa, kumbe ni saa 7 na dakika 12. Zana ya kuchunga, hata ya bure kabisa, ndiyo itakayokupa hesabu yako mwenyewe ya kwenda nayo kwa kampuni yako siku mtakapobishana.

Kwangu mimi uamuzi unasimama juu ya mambo matatu: bawabu anatazama nini, anatazama akiwa wapi, na akiona shida anamwamsha nani.

Anatazama nini

Hapa ndipo nilipochomeka, kwa hivyo hapa nitakaa.

Ukaguzi wa kwanza ni pingi: zana inauliza kama mashine ipo, mashine inajibu ipo. Hauna faida kubwa kwa duka. Seva yaweza kujibu pingi vizuri kabisa huku tovuti iliyomo ndani imekufa. Ukaguzi wa pili ni wa msimbo, ule ulionidanganya. Unakamata misimbo ya makosa kama 500 na 503 na 404, na hayo ni makosa mengi, lakini ukurasa wowote unaojibu 200 unapita, hata kama ni tangazo la mtu mwingine.

Wa tatu ni ukaguzi wa neno. Unaipa zana neno ambalo ni lazima lionekane kwenye ukurasa. Likikosekana, kengele inalia. UptimeRobot inao kwenye mpango wa bure, HetrixTools inao, Uptime Kuma inao. Usikubali zana isiyokuwa nao.

Neno lenyewe lichague kwa makini. Watu wengi huweka jina la duka, na hilo ni kosa, kwa sababu jina hukaa juu ya kila ukurasa na laweza kubaki hapo hata orodha ya bidhaa ikiwa haikutoka. Kurasa za kampuni za kuhifadhi pia hupenda kuandika jina la tovuti yako. Mimi kwa shangazi nilichukua neno "doti". Kila leso dukani mwake inauzwa kwa doti, neno hilo linatoka kwenye hifadhidata pamoja na bei, na hakuna kampuni ya kuhifadhi tovuti duniani itakayoliandika kwenye ukurasa wake wa makosa. Nyumba ya wageni ilipewa maneno "chumba cha ghorofani", ambayo yamo kwenye maelezo ya vyumba peke yake. Tafuta la kwako la namna hiyo, na uelekeze ukaguzi kwenye ukurasa wa bidhaa badala ya ukurasa wa mbele.

Kisha kuna M-PESA, na hili lanikera kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni yaliandikwa na watu wasiouza kwa M-PESA. Mteja akibonyeza kulipa, mfumo wa Daraja wa Safaricom humtumia ombi kwenye simu, anaweka namba ya siri, halafu majibu ya malipo hupelekwa kwenye anwani maalumu ndani ya tovuti yako. Kama dakika hiyo seva yako imelala, pesa zimeingia na oda haimo. Mteja ana meseji ya kuthibitisha. Wewe huna habari alichagua leso gani. Daraja ina njia ya kuuliza baadaye hali ya malipo, na mtengenezaji makini huiweka, lakini tovuti ndogo nyingi nilizozifungua hazina.

Kwa hiyo anwani ile ya kupokea majibu nayo ichungwe, peke yake, mbali na ukurasa wa duka. Kuna jambo moja la kuangalia: anwani hiyo inangoja kutumiwa taarifa, kwa hivyo zana ikiifungua kama ukurasa wa kawaida huenda ikajibiwa 405, yaani "namna hii ya kuuliza siipokei". Kwa kawaida zana italiita hilo kosa. Uptime Kuma hukuruhusu kuandika kwamba 405 ndiyo jibu unalolitaka, na hapo kengele italia pale tu jibu litakapobadilika. Kwa duka linalopokea pesa hilo peke yake linaipandisha Kuma juu sana machoni pangu.

Cheti cha usalama, kile kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, kikiisha muda wake mteja hukutana na onyo la kutisha na kukimbia. Tovuti nyingi za hapa hutumia vyeti vya bure vya Let's Encrypt, vinavyodumu siku 90 na kujihuisha vyenyewe kama mambo yamepangwa sawa. Zamani Let's Encrypt walikuwa wakituma baruapepe ya kukumbusha. Waliacha tarehe 4 Juni 2025. Na muda wa vyeti kwa jumla unazidi kufupishwa: kufikia 2029 cheti cha aina yoyote hakitaruhusiwa kuzidi siku 47. Basi lazima mwingine akukumbushe. Kuma inafanya hivyo bure, ikianza kukuonya siku 21 kabla, kisha 14, kisha 7. Kwa UptimeRobot huduma hiyo ni ya kulipia.

Jina la tovuti, lile la .co.ke, likiisha muda hilo ni jambo jingine. Liandike kwenye kalenda ya simu, na ya mwenye duka pia.

Anatazama akiwa wapi

Zana zinazokaa kwenye seva zao hukagua kutoka Marekani na Ulaya zaidi. Tovuti nyingi za Mombasa nazo zimehifadhiwa Ulaya au Marekani. Kwa hiyo bawabu yuko ng'ambo, duka liko ng'ambo, wanatazamana ng'ambo kwa ng'ambo na kuambiana mambo ni shwari. Mteja yuko Mwembe Tayari.

Kati ya mteja na duka kuna bahari. Sisi tunaoishi hapa twajua, kwa sababu nyaya za intaneti zenyewe zinaingilia pwani yetu: SEACOM na TEAMS zilifika 2009, EASSy ikafuata 2010, na nyingine baadaye. Februari 2012 meli iliyokuwa ikingoja kuingia bandarini iliukata waya wa TEAMS kwa nanga. Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja karibu na Durban, na Afrika Mashariki nzima ikatambaa kwa siku kadhaa. Siku kama hizo seva ya Ulaya haina kosa lolote. Bawabu wa Ulaya ataandika asilimia 100 na atakuwa mkweli. Lakini mauzo hayapo.

Ndiyo maana sipendekezi zana moja kwa duka la hapa. Napendekeza mbili: moja ya ng'ambo na moja ya hapa hapa. Ya ng'ambo ikilia, tovuti imelala kweli. Ya hapa ikilia peke yake, njia ndiyo mbovu, na hapo humpigii mtengenezaji wa tovuti kumgombeza bure. Unawaandikia wateja kwenye WhatsApp kwamba leo waagize huko.

Ya hapa hapa ni Uptime Kuma. Ni programu huria, iliyoanzishwa na Louis Lam mwaka 2021, na unaisakinisha mwenyewe kwa Docker au kwa Node.js, programu za kuendeshea programu nyingine. Haihitaji mashine kubwa. Yangu inaendeshwa na laptopu ya zamani ambayo kioo chake kimepasuka. Raspberry Pi, ile kompyuta ndogo ya kiganjani, nayo inatosha. Ukishaiwasha unaifungua kwenye kivinjari kupitia poti 3001, unaunda akaunti, unaongeza kurasa zako. Kwa mtu aliyewahi kugusa seva ni kazi ya jioni moja. Kwa asiyewahi, amwombe kijana mmoja amsimamie siku ya kwanza.

Udhaifu wake ni udhaifu wa nyumba yako. Stima ikipotea, bawabu naye anazimika. Agosti 25, 2023, karibu nchi nzima iliingia gizani, na hata siku za kawaida mitaa yetu ina zamu zake za giza. Laptopu ina betri yake, ila ruta haina, kwa hiyo nunua UPS ndogo, yaani betri ya akiba, ya ruta. Halafu intaneti ya nyumbani ikikatika, Kuma itadhani dunia nzima imelala. Dawa ya hilo ni rahisi: ongeza kurasa mbili ambazo si zako, mathalani Google na tovuti moja kubwa ya humu nchini. Zote zikiwa nyekundu kwa pamoja, ujue ni laini yako.

Kosa moja nimelikuta mara tatu kwa watu tofauti: wameisakinisha Kuma kwenye seva ile ile yenye tovuti. Seva ikifa, inakufa na bawabu wake, na hakuna atakayepiga kelele.

Sasa zile za ng'ambo

UptimeRobot ndiyo inayojulikana zaidi, ipo tangu 2010, na ni nyepesi kiasi kwamba shangazi mwenyewe aliweza kuongeza ukurasa bila kuniuliza. Ina programu ya simu, na ukurasa wa hali ambao wateja wanaweza kuutazama. Ningeishia hapo kuisifu kama si jambo moja ambalo watu hawalisomi: tangu mwishoni mwa 2024, mpango wao wa bure ni wa matumizi binafsi, usio wa kibiashara. Duka la leso ni biashara. Nyumba ya wageni ni biashara. Wapo wanaosema hakuna anayekagua. Mimi sitaki duka la mtu niliyepewa amana yake lichungwe kwa ahadi tunayoivunja kila siku, na juu ya hayo, akaunti yenyewe yaweza kufungwa wakati ndio unaihitaji. Niliihamisha tovuti ya shangazi. Blogu yangu ya mapishi na kurasa za watu wasiouza kitu bado ziko UptimeRobot, na sina lalamiko.

HetrixTools ndiyo ninayoitumia kwa duka. Sura yake si ya kupendeza, mipangilio imejaa kurasa, na siku ya kwanza utapotea kidogo. Lakini inakagua kila dakika bila malipo, inauliza kutoka miji kadhaa kabla ya kulia, na kwa sababu hiyo kengele zake za uongo ni chache. Inafanya na jambo jingine ambalo sikulitarajia: inachunga kama anwani ya seva yako imeingizwa kwenye orodha nyeusi za baruapepe. Duka la vipuri lilikuwa likilalamika kwamba ankara zake kwa wateja zinaangukia kwenye barua taka. Tulipoiweka HetrixTools tukaona anwani ya seva imo kwenye orodha mbili, kwa sababu ya jirani mmoja aliyekuwa akitumia seva hiyo hiyo.

Better Stack, iliyokuwa ikiitwa Better Uptime, ndiyo nzuri kuliko zote kwa macho. Hitilafu ikitokea inapiga picha ya ukurasa ulivyoonekana wakati huo. Imejengwa kwa timu: inapanga zamu, ikijua leo ni nani na kesho ni nani. Kwenye mpango wa bure, hata hivyo, kupigiwa simu hakumo, na kupigiwa simu ndiyo fahari yake. Ninyi mkiwa watatu au wanne mnaofanya kazi ya tovuti kwa pamoja, ianzeni hiyo. Mtu mmoja na duka lake atakuwa na mengi asiyoyatumia.

StatusCake ya Uingereza inafanya kazi vizuri. Sikuona inachozidi hizo nyingine.

Zana yoyote mtakayoichukua, someni masharti ya mpango wa bure siku mnayojiandikisha, na myarudie mara moja kwa mwaka. Kilichotokea kwa UptimeRobot kinaweza kutokea kwa yeyote.

Nje ya jedwali kuna Healthchecks.io, nayo inafanya kazi kinyume. Haiendi kuangalia kitu, inangoja kuitwa. Unaiambia, "kila usiku saa nane nitakugongea nikimaliza kuchukua nakala ya akiba." Usiku usipogonga, inakuandikia. Bure unapata ukaguzi 20. Madrasa ile ilikuwa na kazi ya nakala ya akiba iliyosimama miezi minne bila mtu kujua. Mimi naitumia pia kumchunga bawabu mwenyewe: ile laptopu ya Kuma huigongea kila dakika kumi, na ikinyamaza najua stima imekwenda.

Anamwamsha nani

Zana hizi zote hutuma baruapepe. Shangazi yangu hasomi baruapepe, na wenye maduka wengi ninaowajua hapa hawasomi pia. SMS na simu kwa kawaida ni za kulipia. WhatsApp, ambayo kila mtu anayo, ndiyo isiyopatikana kwa urahisi kwenye mipango ya bure. Kilichotufaa ni Telegram: Kuma na HetrixTools zote zinaweza kuandika humo. Unaunda boti, akaunti inayojiendesha yenyewe, kwa kumwandikia BotFather humo humo Telegram, anakupa tokeni, yaani ufunguo wa boti hiyo, unaiweka kwenye mipangilio ya zana, na kwisha. Tuna kundi la watu watatu: shangazi, binamu yangu na mimi. Kundi hilo halina salamu, halina picha za maua ya asubuhi. Likilia, ni tovuti.

Weka majaribio mawili kabla ya kengele, yaani zana ikikuta kosa ijaribu tena ndipo ilie. Bila hivyo, kila mtikisiko wa mtandao utawaamsha, na baada ya wiki mbili mtanyamazisha kundi. Ukiona kengele za uongo zinaendelea, mara nyingi ni kinga ya tovuti yako inayoidhani zana ni mdukuzi. Mwombe anayekuhifadhia tovuti aziruhusu anwani za zana hiyo, ambazo zana nyingi huzitangaza hadharani.

Ukimaliza kupanga, usingoje hitilafu ya kweli. Sisi tulichagua usiku wa Jumanne, saa nne, wateja wakiwa wachache. Nikaizima tovuti kwa makusudi bila kumwambia binamu. Dakika ya tatu HetrixTools ikaandika. Kuma ilikuwa imeitangulia. Dakika ya saba binamu akanipigia kuuliza kuna nini. Nikaiwasha, kisha nikabadilisha jambo moja tu: nikaacha ukurasa ufunguke vizuri, wenye msimbo 200, ila neno "doti" nikaliondoa. Kengele ikalia tena, na safari hii aliyepiga simu alikuwa shangazi.